Neno Uhuru na Hati Yake

Siku za mwanzo wa Desemba, mvua ya Mbeya ikiwa imekwisha kuizoea saa yake ya alasiri, na ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza hata mapaa ya Soweto yasionekane kwa mtu aliyesimama Mwanjelwa, wenye shughuli na wasio na shughuli hujikuta wamebanana pamoja katika varanda za maduka wakingoja ikatike. Na kwa kuwa mvua haina haraka, mazungumzo nayo hujinyoosha. Alasiri moja ya namna hiyo nilikuwa nimesimama, kisha nikapewa kigoda nikaketi, mbele ya cherehani ya fundi mmoja aliyekuwa akishona herufi za kitambaa cheupe juu ya kitambaa cha kijani, bango la watoto wa shule watakaoandamana tarehe 9. U na H na U zilikuwa zimekwisha kukaa mahali pake, na R alikuwa ameishika kwa meno huku akitafuta mkasi.

Palikuwa na watu watano mbali na mimi. Wa kwanza ni fundi mwenyewe. Wa pili, mwalimu mstaafu aliyesomesha historia miaka mingi, mzaliwa wa Rungwe, mtu asemaye polepole kana kwamba bado anaandika ubaoni. Wa tatu, Ustadhi afundishaye madrasa, ambaye kwao ni Kilwa, walakini amekaa nyanda za juu muda wa kutosha kuvaa koti la sufu juu ya kanzu pasipo kuona haya. Wa nne, mama auzaye mitumba, Mbena wa Njombe, aliyekuwa ameyafunika marobota yake kwa turubai na jicho lake moja likawa huko muda wote. (Na neno hilo mtumba, ambalo leo ni nguo iliyokwisha kuvaliwa Ulaya, zamani lilikuwa ni mzigo wa vitambaa uliofungwa kwa kadiri ya mabega ya mpagazi mmoja wa msafara, sikulisema pale, nalisema hapa.) Wa tano, kijana wa chuo kikuu aliyerudi nyumbani kwa likizo, na huyo ndiye aliyeyaanza yote haya.

KIJANA: Shikamoo, fundi. Unajua kwamba hilo neno unaloshona ni neno la watumwa?

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Mimi nalipwa kwa hesabu ya herufi. Maana yake ni juu ya wenye shule.

MWALIMU: Na hiyo shikamoo uliyoitoa sasa hivi, wajuao husema asili yake ni kushika miguu ya mkubwa, nashika moo. Tuiache nayo?

KIJANA: Hiyo tuiweke, Mwalimu, isije mama akanipiga kwa ndala. Lakini la uhuru nalisema kwa dhati. Katika Kiswahili cha pwani cha karne ya 19, mtu aliyezaliwa na wazee wasiopata kumilikiwa jina lake lilikuwa mwungwana, na neno huru lilimkaa hasa yule aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa. Mwungwana hakuwa na haja ya kuitwa huru, kama vile mtu mzima asivyokuwa na haja ya kuitwa aliyepona. Zifungueni kamusi za wamisionari, ya Steere na ya Madan, mwone: uhuru hauelezwi humo ila utumwa utajwe kando yake. Mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa mtu aliyekombolewa, alipotoa kitabu juu ya wale waliokaa Frere Town karibu na Mombasa, alikiita Uhuru wa Watumwa, wala hapakuwa na msomaji siku zile aliyedhani kwamba ndani yake atakuta habari za gavana na baraza la kutunga sheria. Basi nauliza: taifa zima lilipotafuta neno la kujiitia, kwa nini lilichukua neno la aliyeachwa, likaliacha neno la aliyezaliwa? Hata sarufi yenyewe inatusuta. Uhuru hupewa, hupatikana, huombwa. Nani amepata kusikia mtu amepewa uungwana?

USTADHI: Umesema nusu ya kweli, mwanangu, na nusu ya kweli ni kanzu ya mkono mmoja. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na huko kwake hurri ni mtu aliye huru tangu tumboni mwa mama yake, kinyume cha abdi. Yule aliyeachwa, wanazuoni humwita atiki, na huko kuachwa ni itki. Neno lilipovuka bahari ndipo liliposhuka daraja: Waswahili walikuwa na mwungwana wao kwa aliyezaliwa, hivyo wakalitwaa neno la Waarabu la mzaliwa wakampa aliyeachwa. Si kosa, mgeni hulala palipobaki nafasi. Ila nakuongezea jambo moja likusaidie katika shauri lako. Kwa sharia, mtumwa aliyeachwa hakukatika kabisa na bwana wake. Hubaki baina yao fungamano liitwalo walaa, hata huyu aliyeachwa akifa bila ya warithi wa damu, bwana wake ndiye amrithiye, au watoto wa bwana wake. Na kule kuifungua shingo, maana Waarabu husema shingo wakikusudia mtu mzima, kulikuwa thawabu kubwa, tena kafara ya baadhi ya makosa. Kwa hiyo aghalabu hati iliandikwa kwa ajili ya roho ya bwana kuliko kwa ajili ya mwili wa mtumwa.

KIJANA: Isikilizeni walaa hiyo! Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Waingereza ilishuka, na Malkia Elizabeth akabaki mkuu wa dola ya Tanganyika; Sir Richard Turnbull aliyekuwa gavana jana, akawa Gavana Mkuu leo; mpaka ilipotimia tarehe 9 Desemba 1962 ndipo tukawa Jamhuri. Mwaka mzima tulikuwa tumeachwa huru, na bwana wetu angali na haki ya kuturithi!

Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa maana mfano ule ulikaa mahali pake kuliko mwenyewe alivyokusudia. Mwalimu peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, na wote tuliomjua tukafahamu kwamba somo limeanza.

MWALIMU: Mwungwana ni neno zuri ukilitazama kwa mbele, lakini ligeuze uone mshono. Hapakuwa na mwungwana pasipokuwa na mshenzi wa kumdharau na mtwana wa kumchukulia mwavuli. Watu wa huku bara, wa pande za ziwa Nyasa, walipofikishwa Kilwa Kivinje katika minyororo waliitwa wajinga. Na neno mjinga halikuwa la mtoto aliyeshindwa hesabu kama leo, lilikuwa jina la mtumwa mgeni asiyejua bado mila za pwani. Akikaa akazaa, mtoto wake aliitwa mzalia. Kila daraja ilikuwa na jina lake, mtwana na mjakazi na suria, na kibarua aliyetolewa kwa watu afanye kazi ya ujira kisha ampelekee bwana wake sehemu ya ujira huo. Na juu ya ngazi yote ameketi mwungwana. Tena cheo chenyewe kilikuwa vazi. Watumwa wa pwani waliokwenda na misafara, wakishaingia bara mahali wasipojulikana ukoo wao, walivaa kanzu wakajiita waungwana, hata Kiswahili walichokipeleka Kongo ya mashariki kikaitwa Kingwana. Sasa wewe ulitaka TANU, ilipozaliwa mwaka 1954, isimame mbele ya mkulima wa Usafwa na hamali wa bandarini iwaambie kwamba tunadai uungwana? Wangeuliza swali moja tu: na mshenzi wetu atakuwa nani?

USTADHI: Hapo umempata.

MWALIMU: Sijamaliza. Uhuru ulikuwa na kinyume kimoja tu, nacho ni utumwa, na kila mtu alijua maana ya utumwa hata kama hakuupata kuuona. Basi likapanda neno hilo. Wakati wa vita ya pili Shaaban Robert alitunga utenzi mrefu, uliochapishwa baadaye, akauita Utenzi wa Vita vya Uhuru. Na uhuru alioukusudia haukuwa wa mtumwa na bwana wake, ulikuwa wa mataifa na Hitler. Askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliambiwa kwamba wanaupigania, wakarudi na swali kwamba uhuru huo tulioupigania kwa wengine, sisi kwetu uko wapi. Haikupita hata miaka 20, neno la hati ya mtumwa likawa ndilo neno la mikutano ya hadhara, kisha likaingia katika nembo ya taifa pamoja na umoja, na kilele cha Kilimanjaro kilichokuwa na jina la Kaisari wa Ujerumani kikapewa jina hilo hilo. Na uungwana je? Uungwana umebaki kuwa adabu ya kumpisha mzee kiti katika daladala. Neno la bwana limeshuka likawa tabia njema, na neno la mtumwa limepanda mlima. Mimi katika hilo sioni aibu, naona insafu.

FUNDI: Nami niulize la mshona nguo. Huyo mtumwa mwenyewe, si aliyetumwa tu?

MWALIMU: Ndivyo, shina ni kutuma. Mtume ametumwa, mtumwa ametumwa, mtumishi ametumwa. Ni mwisho wa neno tu unaowatenga mbingu na ardhi. Na Paulo katika nyaraka zake alijiita mtumwa wa Kristo, na wahubiri wetu huku Rungwe walikuwa na kazi ya kuwaeleza wazee kwamba hilo lilikuwa ni jambo la fahari.

FUNDI: Kwa hiyo serikali ikiunda tume, ikaijaza watumishi wa umma...

USTADHI: Shona, fundi. Shona.

Mvua iliongeza nguvu hata mabati yakatunyamazisha kwa kitambo. Mama wa mitumba alikuwa amekwenda kulivuta turubai lake, akarudi amelowa mabega. Yeye alikuwa hajasema lolote tangu mwanzo, na kwa kweli sikudhani kwamba anasikiliza. Hilo lilikuwa kosa langu, maana wauzao sokoni husikia mambo mawili kwa wakati mmoja.

MAMA: Mwalimu, niwie radhi mimi nisiyesoma sana. Huo utumwa ulikwisha lini kwa sheria?

MWALIMU: Inategemea ulikuwa umesimama wapi, mama. Unguja soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia mkono mkataba na Waingereza. Hali yenyewe ya utumwa ikafutwa na Sultani Hamoud mwaka 1897, na masuria wakangoja hata 1909. Huku kwetu Wajerumani walikaa nchini tangu miaka ya 1880 hata vita ya kwanza, wala hawakuufuta. Walitoa hati za uhuru, maelfu kwa maelfu, mmoja mmoja, kwa aliyejinunua mwenyewe, au aliyekombolewa na mtu, au ambaye bwana wake amehukumiwa kwa ukatili. Kisha kwa amri ya mwaka 1904 wakasema mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Yaani mama abaki wa mtu na mtoto aliye mgongoni mwake asiwe wa mtu. Aliyefuta kabisa katika Tanganyika ni Mwingereza, kwa sheria ya mwaka 1922.

MAMA: 1922. Basi babu yangu mzaa baba alizaliwa baada ya hapo, alizaliwa huru kama mnavyosema. Naye alikwenda Tanga. Walikuja watu wa Silabu Njombe, wakawaandika, wakawapandisha lori, na kila mmoja akapewa namba yake. Bibi alikuwa akisema, aliondoka na jina akarudi na namba. Huko akapewa kipande cha siku 30, nasi watoto tukadhani ni mwezi; kumbe si mwezi. Siku ambayo hukufikisha kipimo chako cha mkonge haikuhesabiwa kuwa siku, na siku 30 zikawa ndefu kuliko mwezi aliouumba Mungu. Bibi alingoja. Shamba lililimwa na mwanamke mmoja na mtoto. Na aliporudi, watu hawakumwita baba fulani tena, walimwita manamba. Mimi mwenyewe nimeitwa mjukuu wa manamba nilipokuwa kisimani. Mniambie, nyinyi mliosoma: hilo neno manamba mnaliweka wapi katika hiyo ngazi yenu, juu ya mzalia au chini yake?

KIJANA: Kenya manamba ni yule apigaye kelele mlangoni mwa matatu.

MAMA: Huyo hakutoka Njombe, mwanangu.

Ni haki kueleza hapa, kwa ajili ya msomaji asiye wa nyanda hizi, kwamba Silabu ilikuwa ni ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliyoanzishwa mwaka 1944 ili kuandika wafanyakazi, na kwamba mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ulikuwa umekwisha kuwa zao kubwa la biashara ya Tanganyika; na kwa sababu wenyeji wa karibu na mashamba hayo hawakuyapenda, mikono ilitafutwa mbali, kwa Wabena na Waha na wengineo ambao kwao kodi ilidaiwa kwa fedha na fedha haikuwapo. Upande wa Tukuyu watu walivutwa kusini, kwenye migodi ya Afrika Kusini, kwa mkono wa Wenela, wakala wa kuandika wafanyakazi wa migodi hiyo, mpaka serikali ya nchi huru ilipoikataza biashara hiyo. Ramani ya njia zilizopita pembe na mateka, ukiiweka juu ya ramani ya njia zilizopita malori ya manamba, mistari haifuatani yote. Lakini vijiji vya kuondokea vingi ni vile vile.

KIJANA: Jibu lake liko wazi, mama, na limo katika vitabu vya sheria. Mwaka 1922 Waingereza waliufuta utumwa. Mwaka 1923, yaani kabla wino haujakauka, walitunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji, na humo mtu aliyetia dole gumba katika mkataba kisha akaondoka kazini kabla ya muda hakuwa mdaiwa, alikuwa mhalifu. Aliweza kushikwa na polisi na kufungwa. Mtumwa aliyekimbia aliitwa mtoro, na manamba aliyekimbia aliitwa mtoro. Neno halikubadilika. Kwa hiyo tuseme kweli, unamba ulikuwa utumwa.

MWALIMU: La, hasha. Hapo nakataa, na nakataa kwa ghadhabu kidogo, mnisamehe. Manamba alilipwa, alirudi, watoto wake walikuwa wake, hakuuzwa Korogwe akaamkia Pangani mali ya mtu mwingine. Ukiliita kila jambo baya utumwa, utamwita nani mtumwa siku utakapomkuta? Sikilizeni. Hapa Utengule, si mbali na tulipoketi, palipokuwa ngome ya Merere wa Wasangu, Wamoraviani walijenga misheni miaka ya 1890, na mmoja wao, mama mmoja jina lake Elise Kootz-Kretschmer, aliyeandika pia juu ya Wasafwa, aliwakalisha wanawake wazee akawasikiliza maisha yao. Mmoja aliitwa Narwimba, mwingine Chisi. Wanawake hawa walipita mikononi mwa mtu baada ya mtu, wakatekwa, wakatolewa kwa pembe au kwa nguo, na habari zao zikaja kuchambuliwa na Marcia Wright katika kitabu cha mwaka 1993. Ukizisoma habari zile hutathubutu tena kusema kwamba wewe ni mtumwa wa kazi, au mtumwa wa simu. Neno lina wenyewe. Tukiliazima liazimike kwa adabu.

Kimya kilikaa. Fundi alikuwa ameishona R, na mguu wake ulisimama juu ya kanyagio.

MAMA: Hao wanawake, Mwalimu, walitaka nini? Walitaka hiyo hati?

MWALIMU: Hilo ndilo la ajabu. Katika habari zao hati haina nafasi kubwa. Walitafuta mlinzi; mume mwenye nguvu, au ukoo wa kuwapokea, au misheni. Walitaka kuwa wa mahali.

MAMA: Basi mwajua nyote, ila mmeyafunika kwa Kiarabu. Sisi huku mtumwa si mtu asiye huru. Mtumwa ni mtu asiye na kwao. Ukimpiga hakuna atakayekuja kuuliza, akifa hakuna wa kumzika kwa jina. Nani huku alikuwa huru? Bibi yangu hakuwa huru, alikuwa mke wa watu, mkwe wa watu, na asubuhi alikwenda shambani hata akiwa na homa. Lakini alikuwa na kwao, na kwao walikuja. Babu akiwa Tanga hakuwa na kwao. Hapo ndipo walipomchukulia, si kwenye mshahara.

USTADHI: Wallahi, mama, umenikumbusha jambo. Ile amri ya Unguja ya mwaka 1897, mtumwa hakuwa huru kwa kuamka tu asubuhi. Alikwenda mahakamani akaomba, na akikubaliwa aliambiwa aonyeshe kwamba ana makao maalumu na njia ya riziki, la sivyo atahesabiwa mzururaji. Mabwana walilipwa fidia. Watumwa waliulizwa, mnakaa wapi? Na wengi walikuwa wakikaa palepale walipokuwa wakikaa, katika shamba la karafuu la bwana.

KIJANA: Kwa hiyo aliachwa huru kwa sharti la kuwa na kwao, na kwao walikuwa wamemnyang'anya. Lakini, mama, nikuulize kwa heshima, maana katika nchi hizi hizi wasichana waliwekwa rehani. Njaa ilipokuja, au deni la damu, aliyempeleka msichana nyumba ya watu hakuwa Mwarabu wala Mjerumani, alikuwa mjomba wake. Huyo alikuwa na kwao, na kwao ndiko alikotokea. Huyo ulimpa neno gani?

Mama hakujibu upesi. Na mimi, kwa kuwa nimejitwalia kazi ya mwandishi, sitajificha nyuma ya kigoda: moyo wangu ulikuwa umekwenda wote upande wake, hata kijana aliposema lile la rehani ukarudi nusu ya njia. Kwa maana kama mtumwa ni asiye na kwao, basi uhuru ungekuwa ni kurudi kwao tu, na wako wengi ambao uhuru wao wa kwanza ulikuwa ni kuondoka kwao, wakafika Mwanjelwa na mfuko mmoja, wakapanga chumba Kabwe au Mafiati, wasiulizwe ukoo na mtu. Hati ile ya boma, kwa ubaridi wake wote, ilikuwa na kitu ambacho ukoo hauna: ilimtaja mtu mmoja, jina lake peke yake. Wala sidhani kwamba hili ndilo lililokuwa katika akili ya karani aliyeiandika.

MAMA: Huyo wa rehani nisingempa neno. Ningempa chumba.

FUNDI: Baba yangu alifanya kazi reli. Mnaijua TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, na wakubwa waliiita Reli ya Uhuru, kwa kuwa Zambia ilitaka kupitisha shaba yake bila ya kuipigia magoti Rhodesia. Yeye alikuwa akichukua mataruma na Wachina, mvua hii hii. Nilimwuliza siku moja, baba, uhuru gani ulio katika reli? Akaniambia, uhuru wa treni kupita Makambako bila ya kuomba ruhusa. Hakunipa fasili nyingine, na mimi sijaihitaji.

MWALIMU: Mzee wako angepata alama nyingi kwangu.

FUNDI: Hakusoma, Mwalimu.

MWALIMU: Najua. Ndiyo maana.

Mvua ilikuwa imepungua, imebaki ile ya kuchujuka katika michirizi ya mabati, na bodaboda za kwanza zilianza kujitokeza kutoka vibandani kama sisimizi. Ustadhi alitazama saa, maghribi ilikuwa imekaribia, akakunja pindo la kanzu asije akalichafua kwa matope. Mama alikwenda akalifunua robota lake moja, akachomoa sweta la mtoto, akalinusa kuona kama limeingia maji. Kijana, aliyekuwa ameshindwa mara mbili na kushinda mara moja, na kwa umri wake hiyo ni hesabu nzuri, alisimama kando ya fundi akiitazama U ya mwisho ikishikwa kwa pini nne.

KIJANA: Fundi, hawa wa shule wamekulipa?

FUNDI: Bado. Wamesema watanilipa baada ya Uhuru.

MAMA (kutoka kwenye marobota yake): Hata babu yangu aliambiwa hivyo hivyo!

Fundi akacheka, akaweka mguu juu ya kanyagio, akaimalizia U.